Dakika Arobaini za Kivuko

Siku yangu ilikuwa gogo, na kila mtu alikuja na shoka lake.
Bandu: mwanangu Rói haioni soksi ya pili.
Bandu: mzee Tummas amegoma kumeza vidonge
mpaka nimkate kucha kwanza.
Bandu: viazi. Bandu: dada yangu, kwa simu, kutoka Kopenhageni,
anayeanza kila umbeya kwa "nisikupotezee muda."
Usiku nilibakiwa na vumbi la mbao,
nikalala juu yake.

Pia ya kusokotea niliinunua nikiwa na miaka thelathini na mmoja.
Nikaiweka kabatini, juu ya mashuka ya wageni.
Nikipata nafasi, nilisema.
Kabatini nafasi ilikuwapo tele.

Kivuko chetu hubeba magari kumi na mawili
na nahodha wake hajawahi kuwahi.
Asubuhi moja ya Februari, mvua ikikipiga kioo kwa ubavu,
nilichoka kuitukana bahari.
Nikatoa sufu ya kondoo wa jirani,
ingali inanuka mafuta na nyasi mbichi,
nikaizungusha pia kati ya magoti, chini ya usukani.
Uzi ukatoka mnene kama kiwavi,
kisha mwembamba,
kisha ukakatika.
Nikacheka peke yangu. Hakuna aliyeniita.

Gari la pembeni lilikuwa lori la samaki la Hanus.
Bandarini Hanus hujulikana kwa kufoka.
Nikageuka: ameegemeza karatasi ya mzigo kwenye usukani,
brashi moja mdomoni, nyingine mkononi,
anauchora mlima uliokuwa mbele yetu
ambao ukungu ulikuwa umeshauchukua.
Akapaka majivu. Akatazama. Akapaka majivu mengine.
Macho yetu yakagongana
tukaona haya
kama watoto waliokutwa na sukari midomoni.

Miaka miwili hatukusemezana.
Siku moja kivuko kikaja mapema;
nilimwona akiupiga usukani kwa kiganja,
nami nikahangaika na sufu mapajani
huku nyuma wananipigia honi.

Kisha wakachimba handaki chini ya bahari.
Mkutanoni, mhandisi kijana mwenye viatu vikavu
alisema kila mtu ataokoa dakika arobaini kwenda,
arobaini kurudi.
Makofi. Na mimi nilipiga.
Tummas akizidiwa usiku, gari la wagonjwa halitamngoja nahodha.
Nilipiga kura ya ndiyo, na leo ningeipiga tena.
Ila nilitaka kuuliza, nikaona haya:
dakika zikishaokolewa, hupelekwa wapi?
Nani huzipokea, akazipa blanketi na chai?

Sasa najua.
Wiki ya kwanza ya handaki
ofisi iliniongezea wagonjwa wawili.
Bandu.
Bandu.

Alhamisi iliyopita nilitoka chini ya bahari
taa za kijani zingali machoni,
na mikono, si mimi, ikakata kona kuelekea gati la zamani.
Kamba zimeshaondolewa.
Ubao wa ratiba bado upo, umepigwa na chumvi,
unaahidi safari ya saa moja na robo.
Palikuwa na foleni: lori moja.
Nikaegesha nyuma yake, kwa adabu, kama zamani.
Nikazima injini. Nikazima simu.
Dunia haikuanguka; ilikohoa tu.

Uzi wangu siku hizi haukatiki ovyo.
Si mzuri. Rói ana glavu moja iliyotokana nao,
kidole gumba kinene kuliko vingine,
na anaipenda kwa sababu hiyo.

Hanus hakugeuka.
Alitoa mkono dirishani, ameshika brashi,
akaushusha taratibu mara mbili,
kama dereva anayemwambia wa nyuma:
foleni haisogei, tulia.
Tukangoja kivuko.
Kwa bahati njema, hakikuja.